Je, Wajua? Hesabu za GPA, Sapu na Disko

Kila mwaka vyuo vyetu hupokea vijana waliotoka sekondari na vyeti vizuri na hamu kubwa. Wiki ya kwanza huonyeshwa maktaba, bweni na kantini, nao hushika njia upesi. Kijitabu cha kanuni za mitihani hukunjwa na kuwekwa chini ya sanduku. Mwaka ukiisha, wapo wanaorudishwa nyumbani ambao akili wanazo tele. Walichokosa ni kuijua hesabu iliyokuwa ikiwahukumu tangu siku ya kwanza. Safu ya leo ni yao, na ya wazazi wanaowauzia ng'ombe ili wapate ada.

HESABU INAVYOPIGWA

1. Je, wajua kwamba ukivuka lango la chuo, maana ya pointi hupinduka? Kidato cha nne Tanzania, mwenye pointi 7 ndiye kinara wa Division One, na kila pointi inayoongezeka humshusha. Kidato cha sita kinara ana pointi 3. Chuoni ni kinyume: pointi ni mavuno, na mwenye nyingi ndiye aliye juu.

2. Je, wajua kwamba hata sekondari GPA, yaani wastani wa pointi, iliwahi kupita? Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitangazwa kwa GPA. Yale ya 2015 yalirudi kwenye Division, na huko yamebaki.

3. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alama 70 na kuendelea ni A, nayo ina pointi 5. Alama 60 hadi 69 ni B+, pointi 4. Alama 50 hadi 59 ni B, pointi 3. Alama 40 hadi 49 ni C, pointi 2. Hapo ndipo mstari wa kufaulu ulipo. Alama 35 hadi 39 ni D, na chini ya hapo ni E.

4. Je, wajua kwamba kwa mpangilio huo, aliyepata 70 na aliyepata 98 huondoka na pointi zilezile 5? Lakini aliyepata 69 huondoka na 4. Kwa upande wa GPA, alama moja kati ya 69 na 70 ina uzito zaidi kuliko alama 28 kati ya 70 na 98. Kwa hiyo kabla ya mtihani wa mwisho jiulize: ni kozi ipi iliyokaribia kuvuka mstari? Huko ndiko saa mbili za ziada za msuli hulipa zaidi.

5. Je, wajua kwamba kozi hazina uzito sawa? Kila kozi ina krediti zake, na pointi zako huzidishwa kwa krediti hizo kabla ya kujumlishwa. Chukua wanafunzi wawili, kila mmoja ana A moja na C moja. Wa kwanza amepata A kwenye kozi ya krediti 12 na C kwenye kozi ya krediti 8: ana pointi 76, gawanya kwa krediti 20, GPA yake ni 3.8. Wa pili amefanya kinyume: ana pointi 64, gawanya kwa 20, GPA yake ni 3.2. Herufi ni zilezile, lakini mmoja ana daraja la pili la juu na mwenzake yuko la chini.

6. Krediti moja Tanzania huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo si saa za darasani peke yake: ndani yake mna mihadhara, semina, maabara, kusoma mwenyewe na mitihani. Kozi ya krediti 12 inakudai saa 120. Shahada ya miaka 3 hudai krediti zisizopungua 360, yaani saa 3,600. Mwanafunzi anayehudhuria mihadhara tu na kuamini amemaliza kazi amelipa sehemu ndogo ya deni lake.

7. Je, wajua kwamba GPA hukatwa, haipandishwi? Kanuni za Dar es Salaam zinabakiza tarakimu moja baada ya nukta na kuiacha iliyobaki. Ukipata 3.49, transkripti itasoma 3.4. Ule mguu mmoja uliobaki kufika 3.5 hakuna atakayekubebea.

8. Madaraja ya shahada kwa kipimo hicho ni haya: 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, ambalo wanafunzi huliita apa sekondi, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ni pasi.

9. Mwaka wa kwanza unahesabiwa. Katika vyuo vikuu vingi vya Uingereza, alama za mwaka wa kwanza humvusha mwanafunzi kwenda wa pili lakini haziingii katika daraja la shahada. Kwa mfumo wa GPA wa Tanzania zinaingia, tangu semesta ya kwanza. Anayekuambia kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira anakupa ushauri ambao wewe utaulipia hadi mwaka wa tatu.

ALAMA NI ILEILE, NCHI NI NYINGINE

10. Je, wajua kwamba alama 70 ni A Dar es Salaam, ni A Nairobi, lakini ni B Makerere? Kampala, A huanzia 80. Alama 70 hadi 74 ni B yenye pointi 4.0, na 75 hadi 79 ni B+ yenye 4.5.

11. Herufi D nayo hubadilika njiani. Dar es Salaam D ni kufeli. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya D ni alama 40 hadi 49, na aliyeipata amefaulu. Makerere D ni 50 hadi 54, naye amefaulu. Usimcheke wala usimsifu mtu kwa herufi yake kabla hujaijua mizani iliyompima.

12. Yote haya yanatokea katika vyuo vilivyowahi kuwa chuo kimoja. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 kila kimoja kilishika njia yake, na mizani ikaanza kuachana.

13. Kabla ya hapo shahada zilitoka London. Makerere ilikuwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London tangu 1949. Chuo cha Dar es Salaam nacho kilianza Oktoba 1961 chini ya London hiyohiyo, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Ndiyo maana madaraja yetu ya shahada bado yana sura ya Kiingereza, na ndiyo maana bado tunao watahini wa nje: walimu wa vyuo vingine wanaopitia maswali na karatasi za majibu ili chuo kisijisahihishie chenyewe bila shahidi.

14. Je, wajua kwamba Kenya wengi hawazungumzi GPA kabisa? Daraja la shahada hutajwa kwa wastani wa asilimia: 70 na zaidi ni la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu, 50 hadi 59 ni la pili la chini, 40 hadi 49 ni pasi. Kwa hiyo kijana wa Nairobi mwenye 69 anajua kabisa alichokosa.

15. Marekani mizani yao huishia 4.0. Kwa hiyo Mtanzania anayeandika kwenye maombi yake "GPA 4.0" bila neno zaidi anaonekana amepata kila kitu, na mtu akigundua mizani ni ya 5 ataonekana mdanganyifu bila kukusudia. Andika daima: 4.0 kati ya 5.

16. Ujerumani hali ni ya kushangaza zaidi. Huko 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 ni kufaulu kwa taabu, na 5.0 ni kufeli. Vyuo vyao vinayo kanuni ya kugeuza alama za wageni: toa alama yako kwenye alama ya juu ya nchi yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ile ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Mwenye GPA 4.1, pale ambapo ya juu ni 5 na ya kufaulu ni 2, hupata 1.9. Mwenye 3.5 hupata 2.5, na programu nyingi za shahada ya umahiri huko huweka 2.5 kuwa mstari wao.

17. Ufaransa alama huhesabiwa juu ya 20, na 10 inatosha kufaulu. Anayefikisha 16 ametajwa miongoni mwa walio bora sana. Mzazi anayeona 14 kati ya 20 asimgombeze mtoto. Kwa huko hiyo ni kazi nzuri.

18. Wanafunzi wa Lubumbashi na Bukavu walikua na urithi wa Ubelgiji. Kwa mpangilio wao wa siku nyingi, asilimia 50 humtosheleza mwanafunzi apite, 70 humpa sifa, 80 sifa kubwa, na 90 sifa kubwa kupita zote.

19. Je, wajua kwamba daktari anayekutibu hana daraja la shahada? Shahada ya udaktari wa binadamu Muhimbili haitolewi kwa la kwanza wala la pili. Umefaulu, au hujafaulu. Na mstari wa kufaulu katika udaktari huwa juu zaidi: alama 50, pale ambapo kozi nyingine huridhika na 40.

KUTELEZA NA KUINUKA

20. Semesta huamuliwa mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Katika mpangilio uliozoeleka Tanzania, alama 40 hutokana na testi, semina na kazi za semesta, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho, ule wanaouita UE. Kenya wengi hutumia 30 kwa 70. Aliyekusanya 32 kati ya 40 anahitaji 8 tu kati ya 60 ili afike 40, na anahitaji 38 ili apate A. Aliyekusanya 15 anahitaji 55 kati ya 60 ili aikute A ileile.

21. Je, wajua kwamba unaweza kufungiwa mlango wa UE kabla hujafika? Vyuo vingi huweka kiwango cha chini cha alama za semesta, na vingi hudai mahudhurio ya asilimia 75. Saini ya mahudhurio unayomwachia mwenzako akutilie ni kosa la kinidhamu kwako na kwake.

22. Sapu ni nafasi ya pili, lakini ina dari. Anayerudia mtihani aliofeli hupewa C hata akipata alama 85. Kwa hiyo 39 na 40 hutenganishwa na alama moja, ila aliyepata 39 anapoteza likizo yake, anasafiri tena kurudi chuoni, na akishinda kwa kishindo bado anapewa pointi 2.

23. Mtihani maalumu ni jambo lingine. Huu ni wa aliyekuwa mgonjwa, aliyefiwa au aliyekuwa na sababu nzito iliyokubaliwa na chuo kabla ya mtihani. Huhesabiwa kuwa ni mara ya kwanza, na alama zote zinapatikana, A ikiwemo. Tofauti kati ya sapu na mtihani maalumu mara nyingi ni barua moja iliyopelekwa kwa wakati ikiwa na cheti cha daktari. Mwenye homa ya malaria anayejikaza aingie chumba cha mtihani kwa kuogopa kusumbua watu anajidhulumu.

24. Keri ni kozi uliyoifeli tena kwenye sapu, ukaruhusiwa kuendelea na mwaka unaofuata huku ukiibeba. Utaisoma pamoja na wadogo zako wa chuo na kuifanyia mtihani inapofundishwa tena. Mzigo wa mwaka mpya haupungui kwa sababu hiyo.

25. Disko ni kuondolewa masomoni. Huwapata waliofeli kozi nyingi mno, walioshuka chini ya GPA iliyowekwa, waliofeli kozi ileile kupita kiasi, na waliotoweka bila taarifa. Hili la mwisho ndilo linalouma zaidi, maana linaepukika kwa siku moja.

26. Je, wajua kwamba kuahirisha masomo ni haki iliyoandikwa katika kanuni? Mama mjamzito, mgonjwa, aliyekosa ada, aliyeelemewa na msiba: wote wanaweza kuomba kusimama na kurejea baadaye wakiwa na rekodi safi. Anayeondoka kimya huandikwa mtoro. Hali inaweza kuwa ileile, shida inaweza kuwa ileile, ila mmoja anarudi darasani na mwingine hana pa kurudi.

27. Makerere hutoa onyo kabla ya adhabu. GPA ya jumla ikishuka chini ya 2.0 mwanafunzi huwekwa chini ya uangalizi, na yakifuatana maonyo matatu huondolewa. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kule Oman nacho huweka mstari wa uangalizi kwenye 2.0, ila mizani yao ni ya 4.

28. Marekani mwanafunzi aliye chini ya uangalizi ana mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni chuo chake, ambacho kwa kawaida hutaka 2.0. La pili ni serikali ya shirikisho: anayepokea msaada wake wa masomo lazima aendelee kufaulu, na hawezi kupokea kwa muda unaozidi asilimia 150 ya urefu wa programu. Shahada ya miaka 4 hupewa miaka 6, basi.

29. Na mgeni mwenye viza ya masomo ya F-1 huko Marekani? Shahada ya kwanza humdai awe mwanafunzi wa muda wote, kwa kawaida krediti 12 kila semesta. Kijana wa Mombasa au Arusha aliyeko Ohio asiache kozi moja kwa sababu ni ngumu kabla hajaonana na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Akishuka chini ya 12 bila idhini, tatizo la kozi linageuka kuwa tatizo la uhamiaji.

30. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hupokea matokeo ya wanufaika wake kutoka vyuoni. Mkopo wa mwaka unaofuata hutegemea kufaulu mwaka huu. Kwa mtoto wa mkulima asiye na kitu kingine, sapu iliyochelewa kuwekwa kwenye rekodi inaweza kumaanisha bumu (fedha za kujikimu) lililochelewa, na bumu lililochelewa ni chakula.

31. Je, wajua kuhusu alama zinazopotea? Kenya jambo hili limelalamikiwa kwa miaka mingi: mwanafunzi amefanya mtihani, mwalimu amesahihisha, na kwenye rekodi pamebaki nafasi tupu. Wapo waliokosa kuhitimu na wenzao kwa nafasi moja tupu. Kinga yake ni ndogo lakini ni ya kweli: tia saini kwenye orodha ya mtihani kila mara, tunza karatasi za testi zilizosahihishwa, na kagua matokeo kila semesta, usingoje mwaka wa mwisho.

32. Kudesa kwenye mtihani hakukupi F tu. Vyuo vingi huweka adhabu ya kuondolewa kabisa, hata kwa karatasi iliyokutwa mfukoni ambayo hukuifungua. Simu nayo ni hivyohivyo: kukutwa nayo ndani ya chumba kunatosha.

HERUFI ZILITOKA WAPI?

33. Je, wajua kwamba mojawapo ya rekodi za zamani kabisa za kupanga wanafunzi kwa madaraja Marekani ni ya mwaka 1785? Ezra Stiles, rais wa Yale, aliwatahini wanafunzi 58 akawagawa katika mafungu manne kwa Kilatini, kuanzia walio bora hadi walio duni. Fungu la juu lilikuwa na 20, la chini 10.

34. Chuo cha wanawake cha Mount Holyoke, Massachusetts, kilianza kutumia herufi mwaka 1897, na aliyefeli alipewa E. Mwaka uliofuata F ikaingia. Ndiyo F inayotisha dunia hadi leo.

35. Oxford, mtu wa kwanza kupata daraja la kwanza mara mbili kwa pamoja, katika lugha za kale na katika hisabati, alikuwa Robert Peel, mwaka 1808. Baadaye alikuwa waziri mkuu wa Uingereza.

36. Cambridge ilikuwa na desturi ya ukatili. Katika mtihani wa hisabati, wanafunzi walitangazwa kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, na yule wa mwisho miongoni mwa waliofaulu alikabidhiwa mwiko mkubwa wa mbao mbele ya umati. Mwiko wa mwisho ulitolewa 1909, kwa kuwa baada ya hapo nafasi ziliacha kusomwa. Tukumbuke hili kila tunapobandika majina ya waliofeli ubaoni.

37. Je, wajua kwamba vipo vyuo vikubwa vinavyowapunguzia wanafunzi hofu ya alama makusudi? MIT huwaacha wa mwaka wa kwanza wapite semesta yao ya kwanza bila herufi kwenye rekodi ya nje. Brown haihesabu GPA, na kozi uliyofeli haionekani kwenye transkripti inayotoka nje. Reed huweka alama kwenye faili, lakini kwa kawaida haimwonyeshi mwanafunzi kama hajaziomba.

38. Na vipo vilivyoogopa ukarimu. Mwaka 2004 Princeton iliamua kwamba A zisizidi asilimia 35 ya alama zote za kozi. Wanafunzi wakalalamika kwamba wanashindana wao kwa wao na kwamba waajiri hawaijui kanuni hiyo. Mwaka 2014 chuo kikaiondoa. Kule Harvard, mwaka 2013 ilitajwa wazi kwamba alama iliyotolewa mara nyingi kuliko zote ni A.

MILANGO INAYOFUNGULIWA NA NAMBA

39. Mwenye stashahada anayetaka shahada Tanzania kwa kawaida hudaiwa GPA isiyopungua 3.0. Mwenye shahada anayetaka umahiri hudaiwa 2.7. Anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi hukuta tangazo linataka 3.8. Hapo ndipo ule ukatili wa namba 7 unapoonekana: 2.69 hubaki 2.6, na mlango wa umahiri haufunguki.

40. Je, wajua kwamba cheti na transkripti hazisemi maneno yaleyale? Cheti hutaja shahada na daraja. Transkripti hutaja kila kozi, kila herufi na kila krediti. Mwajiri makini husoma ya pili. Mwenye 3.3 aliyepata A katika uhasibu wa gharama ana la kusema mbele ya kampuni inayotafuta mhasibu.

41. Matokeo yanayobandikwa mwisho wa semesta huwa ya awali. Yatapita idara, kitivo na hatimaye seneti kabla ya kuwa ya kudumu. Katikati ya safari hiyo kuna dirisha la rufaa, na dirisha hilo lina tarehe. Aliyeona kosa akalilalamikia kwa rafiki zake tu hajakata rufaa. Barua iende kwa mkuu wa idara, nakala ibaki kwako ikiwa na mhuri wa kupokelewa.

42. Na mwisho, hesabu ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuifanya kila likizo kwa kalamu yake mwenyewe. Tuseme shahada yako ni ya krediti 360, krediti 120 kila mwaka, na unataka 3.5.

Umemaliza mwaka wa kwanza na 3.0? Unahitaji wastani wa 3.75 kwa miaka miwili iliyobaki. Inawezekana, tena bila miujiza.

Umemaliza miaka miwili na 3.2? Mwaka wa tatu unakudai 4.1. Ni kazi ngumu, lakini wapo wanaoifanya kila mwaka.

Umemaliza miaka miwili na 2.9? Unadaiwa 4.7, yaani A karibu kila kozi.

Lengo halijabadilika katika mifano hii mitatu. Kilichobadilika ni wakati ambao mwanafunzi aliamua kuhesabu. Kwa hiyo wewe wa mwaka wa kwanza, piga hesabu yako wiki hii. Wewe wa mwaka wa tatu mwenye 2.9, usiache: kutoka 2.6 hadi 2.7 kuna mlango wa umahiri, na kuulinda huo uliokwisha kuupata ni ushindi pia. Na wewe uliyepigwa disko, soma kanuni za chuo chako kuhusu kudahiliwa upya, kisha nenda ofisi ya msajili ukaulize kwa heshima na kwa maandishi. Swali halina ada.